Kura ya Tisa ya Kombe la Brezina

Phoenix, Arizona
8 Juni 1986

Mdogo wangu Alois,

Nakusalimu wewe na wifi Irma, na goti la wifi nalisalimu peke yake, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua nani aende kanisani na nani abaki. Huku joto limefika digrii mia na nane za Farenhaiti, na viyoyozi vya mji mzima vimekubaliana kufa wiki moja. Silalamiki. Nilianza kazi hii na bisibisi mbili na gari la kuazima. Leo nina mafundi ishirini na wawili, na wote wako juu ya mapaa ya watu. Karen wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, ratili nane kasoro kidogo. Pua ni ya Brezina, pole yake.

Nakala za karatasi za michezo ya besiboli ulizonitumia zimefika. Nashukuru. Ukiwa katibu wa ligi na mwandishi wa kitabu cha michezo ya Veselka, ungeweza kuzirundika kabatini kama walivyofanya wenzako wote kabla yako.

Sasa niseme, kwa kuwa unajua nitasema. Kombe la mchezaji mwenye thamani kuliko wote lina jina la baba yetu. Makocha wanane wanapiga kura. Wakigawanyika nne kwa nne, kura ya tisa ni ya familia, na familia ni wewe, kwa kuwa mimi ni mwanamke na niko mbali. Sijui lipi kati ya hayo mawili ni kosa kubwa zaidi. Mwaka huu watagawanyika. Nusu wanamtaka Duane Ruehl wa Kessel, kwa kuwa anapiga mpira hadi kwenye mahindi ya watu na Kessel wanaelekea ubingwa. Nusu wanamtaka Curtis Pavek wetu wa Veselka.

Nisikilize kwa hesabu. Timu ina nafasi ishirini na saba za wapigaji wake kutolewa, zikiisha mchezo umekwisha. Basi kazi ya mpigaji ni moja tu, asitolewe. Anayefika kituo cha kwanza, kwa kupiga au kwa kupewa bure baada ya mrushaji kukosa shabaha mara nne, ameokoa moja kati ya hizo ishirini na saba. Curtis amesimama kupiga mara arobaini na nne, amefika mara ishirini na tano. Duane mara arobaini na nne, amefika mara ishirini. Mengine yote ni hadithi za baa.

Ikifika zamu yako, piga kura kwa hesabu. Ndilo ninaloomba mwaka huu, na mwaka huu pekee.

Dada yako, mwenye jasho,
Vlasta

* * *

Veselka, Minnesota
22 Juni 1986

Dada Vlasta,

Shikamoo. Hongera ya mjukuu. Pua itapungua akikua, yangu ndiyo iliyogoma. Irma ndiye anayeandika hapa, mimi nasema tu, maana mkono unaniuma. Si jambo kubwa. Mvua imenyesha siku tisa, mahindi yamefika magotini, na Jumapili tulikuwa na maandazi ya plamu kanisani hadi padri akalegeza mkanda. Lori la maziwa nimemwachia jirani Leonard kwa muda. Nimechoka kuamka saa kumi alfajiri, ndiyo sababu.

Hesabu zako nilimpa Hruby azisome kwa sauti pale baani kwake. Alipomaliza akauliza, "Huyu dada yako anauza viyoyozi au anauza wachezaji?"

Norbert, kocha wa Kessel, akasema, "Mwambie kutembea hadi kituo cha kwanza hata bibi yangu anaweza, na bibi anatembelea fimbo."

Nikamjibu, "Bibi yako akifika mara thelathini kwa msimu, kura yangu anayo."

"Atataka na bia."

"Bia ni juu ya mjukuu wake."

Wakacheka, lakini dada, nao wana lao. Tangu mwaka wa hamsini na moja kombe hili limekwenda kwa mtu anayewarudisha wenzake nyumbani na kuleta pointi, kwenye timu inayoshinda. Curtis anasimama kituo cha kwanza kama mgeni barazani, halafu hakuna wa kumkaribisha ndani. Sisi ni wa sita. Thamani gani hiyo ya mtu ambaye pamoja naye tumekuwa wa sita? Bila yeye tungekuwa wa saba, na wa saba ndiye wa sita aliyekosa usingizi. Baba angemchagua Duane bila hata kukaa chini.

Siahidi. Bado mapema.

Mdogo wako,
Alois

* * *

Phoenix
6 Julai 1986

Alois,

Marahaba. Pole kwa mkono, na umwonyeshe daktari. Usingoje hadi uanguke pamoja na mwili. Mwambie wifi mwandiko wake mzuri, unasomeka kuliko wako.

Mtoto wa Karen ameitwa Adela, kama mama. Nililia kidogo, nikarudi kazini.

Umesema Baba angemchagua Duane. Kweli. Basi ngoja nikukumbushe jinsi Baba alivyochagua, maana wewe ulikuwepo na hatujawahi kulizungumza.

Mwaka wa arobaini na sita nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kitabu cha kuandikia mchezo kilikuwa mapajani pangu tangu nina kumi na tatu. Mchezo wa mwisho, mtoto wa Zelenka alihitaji mpigo safi mmoja awe mpigaji bora wa ligi. Akagonga mpira wa chini, dhaifu, ukapita katikati ya miguu ya mlinzi aliyesimama kama mlango ulioachwa wazi. Watu wakashangilia. Nikaandika kosa la mlinzi, ambalo kitabuni halimhesabii mpigaji kitu.

Baba akainama. "Vlasta, huo ni mpigo safi."

"Umepita katikati ya miguu yake, Baba. Ni kosa."

"Kijana anahitaji mmoja tu."

"Basi na apige mmoja."

Alikichukua kitabu mapajani pangu mbele ya wilaya nzima akakupa wewe, na penseli juu yake. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Uliandika nini sijakuuliza kwa miaka arobaini na leo sikuulizi.

Niliondoka Veselka mwaka uliofuata. Watu husema nilimfuata Tollefson kwa ndoa. Tollefson, Mungu amrehemu, alijua yeye alikuwa gari la kunibeba tu, si sababu ya safari.

Kwa hiyo usiniambie Baba. Nataka mara moja, katika familia hii, hesabu yangu iaminiwe kabla ya kelele za watu. Basi.

Tuma karatasi za Julai.

Vlasta

* * *

Veselka
3 Agosti 1986

Dada Vlasta,

Shikamoo. Jina la Adela limenifurahisha sana, nilikaa nalo siku nzima. Huku tu wazima. Goti la Irma limetulia, ng'ombe wa Leonard amezaa mapacha, na mimi mkono bado.

Karatasi zote zilizobaki nimeziweka humu. Msimu umekwisha. Mchezo wa mwisho hapa nyumbani Curtis alipiga vizuri mno, watu walishangilia hadi paa la kibanda cha soseji likatikisika. Duane alikuja pia siku yake, lakini uwanja wetu haumpendi. Kila akipiga kwetu ni kimya.

Makocha wamepiga kura Alhamisi. Nne kwa nne, kama ulivyotabiri. Karamu ya ligi ni tarehe ishirini na saba Septemba, na kura ya tisa inasomwa siku hiyo. Hruby ananiuliza kila nikiingia. "Alois, umeamua?" "Nimeamua kukunywea bia zako zote kwanza." Lakini sicheki sana moyoni.

Ya mwaka arobaini na sita nimeyasikia. Irma amenisomea mara mbili.

Alois

Wifi, ni mimi Irma. Nimeandika alivyosema. Ambayo hakusema sikuandika.

* * *

Phoenix
12 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta mmeketi. Sisi tu salama, Adela anakula kama mwashi.

Nimejumlisha msimu mzima Jumapili, karatasi kwa karatasi. Curtis amesimama kupiga mara mia na kumi, amefika kituo cha kwanza mara sitini. Katika miaka yangu yote sijaona namba kama hiyo katika ligi yetu. Duane mara mia na tisa, amefika hamsini. Nilinyanyuka, nikatembea jikoni, nikajiambia, Vlasta, umeshinda.

Halafu nikarudi mezani, kwa kuwa namba inayokupendeza ndiyo ya kukagua mara mbili. Ndivyo nilivyoishi mjini hapa bila kufilisika.

Nikatenga michezo ya nyumbani na ya ugenini. Ugenini, katika vitabu vya waandishi wengine, Curtis ana mipigo safi kumi katika zamu arobaini za kupiga, ukiacha vituo vya bure. Nyumbani, katika kitabu chako, ana ishirini katika zamu arobaini. Vituo vya bure ni kumi na tano huku na kumi na tano kule, sawa kabisa. Nikajiuliza, mtu gani huyu ambaye jicho lake halibadiliki lakini gongo lake linabadilika?

Nikaangalia walinzi. Msimu mzima, pale Veselka, wageni wamefanya makosa mawili tu wetu wakipiga. Mawili, michezo kumi na miwili. Walinzi wetu wenyewe, wageni wakipiga, wamefanya thelathini na moja, ilhali ugenini wamefanya kumi. Duane amecheza kwenu mara tatu. Umemwandikia mpigo safi mmoja na makosa matano ya watu wetu.

Nikazitoa barua zako. Kisha nikakumbuka maneno yako mwenyewe, kwamba watu walishangilia, kwamba Duane akipiga ni kimya. Alois, wewe unaandika makofi. Wetu akipiga na watu wakapiga makofi, unaandika mpigo safi. Mgeni akipiga na watu wakanyamaza, unaandika kosa. Vituo vya bure ni sahihi kwa sababu mwamuzi huvitangaza kwa sauti, hatua mbili kutoka kitini pako.

Na mkono wako hauna kitu. Na lori hukuliacha kwa uchovu.

Mpira unauona hadi wapi?

Hakuna mwingine anayezikagua karatasi hizi. Ningeweza kunyamaza, na Septemba ungesimama na kusoma hesabu yangu, na jina la Curtis lingechongwa chini ya jina la Baba, na ningekuwa nimepata nililolitaka tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini nilifukuzwa kwa kukataa kuandika makofi. Siwezi kurudi kwa mlango huo.

Kura piga unavyotaka. Nenda ukapime macho.

Dada yako,
Vlasta

* * *

Phoenix
30 Agosti 1986

Alois,

Siku kumi na nane. Nimepiga simu mara tatu, wifi ananiambia uko shambani, uko kanisani, umelala. Mtu anayelala saa tano asubuhi ama ni mgonjwa ama ananikimbia.

Sitaki tena habari ya kombe. Mpe Duane, mpe Curtis, mpe bibi yake Norbert na fimbo yake. Nilikuwa mkali kwenye ile barua, hesabu hunifanya hivyo. Nataka neno moja kwenye kadi. Unaona au huoni? Kama huoni nakuja, mafundi wanajua kazi yao.

V.

* * *

Veselka
9 Septemba 1986

Dada Vlasta,

Shikamoo, tena shikamoo mara mbili. Tazama mwandiko. Ni wangu, ndiyo maana umekaa kama mbuzi waliotoroka zizini.

Naona.

Nianze nilipopaswa kuanza. Kuanzia masika, kutoka kitini pangu nilimwona mrushaji, na nyuma yake ulikuwa ukungu mweupe tu, kama nimetumbukia kwenye tangi langu la maziwa. Niliogopa ni ule upofu uliompata baba mkubwa Matej, usio na dawa. Nikajiambia nikienda kwa daktari nitaambiwa, na nikiambiwa basi ndivyo itakavyokuwa. Lori nililiacha siku niliyokaribia kumgonga mbwa wa Leonard. Kitabu sikuweza kukiacha. Miaka arobaini, dada. Nikadhani masikio yanatosha. Mpira nausikia kwenye gongo, watu nawasikia, nikajaza kilichobaki.

Barua yako Irma aliisoma hadi pale penye makofi, akaikunja, akasema, "Vaa koti." Sikujua anaijua njia ya hospitali vizuri vile.

Ni mtoto wa jicho tu. Macho yote mawili. Daktari, msichana aliyeonekana hajamaliza shule, akacheka kwa upole, akasema, "Mzee, hii tunaitoa kabla ya chakula cha mchana." Tulirudi kwenye gari, Irma hakugeuza ufunguo. Tulikaa tu pale, watu wazima wawili, madirisha yakapata mvuke. Jicho la kulia wamelifanyia upasuaji tarehe ishirini na saba Agosti, la kushoto litafuata Oktoba. Sikukujibu kwa kuwa nilitaka kukuandikia mwenyewe, na bandeji ilichelewa kutoka. Irma hajui kudanganya kwenye simu, umemsikia.

Jambo la kwanza nililoona vizuri ni mikunjo ya Irma. Nikamwambia, "Hizi zimeingia lini?" Akasema, "Ulipokuwa ukiandika makofi."

Sasa la pili. Nilikwenda kwa Hruby siku ya makocha kukutana, nikawaambia wote. Nilitegemea wanifukuze. Norbert akasukuma bia yake kando. "Msimu mzima umekuwa ukiniambia nimepungua kitambi."

"Nilikuwa nakisia."

"Ulikisia vibaya, lakini endelea."

Kila timu ngeni huwa na kitabu chake. Nimewaomba wote vitabu vya michezo iliyochezwa kwetu, wakaleta bila kinyongo. Nakala zote ziko kwenye bahasha hii. Sijajumlisha. Sijamuuliza hata mtu mmoja namba yoyote. Hiyo si kazi yangu, na haikuwa yangu hata mwaka ule. Ulisema huniulizi, basi nakuambia bila kuulizwa. Niliandika mpigo safi. Mpira niliuona vizuri sana, ulipita katikati ya miguu yake. Macho yangu hayakuwa na kitu siku hiyo.

La mwisho. Nimewaambia sipigi kura ya tisa. Mzee Lindahl, mmoja wa makocha, akasema, "Basi nani? Lazima awe Brezina." Nikasema, yupo. Akasema, "Yule wa Arizona? Kanuni si inasema mwanamume?" Irma, ambaye alikuwa amekuja kunisindikiza tu, akasimama kwa goti lile lile, akaomba kanuni, akaisoma kwa sauti. Inasema "familia". Haikuongeza kitu. Miaka thelathini na tano hakuna aliyeifungua.

Kwa hiyo kura ni yako. Nadhani najua utamchagua nani, na siku ya karamu nitaisoma kwa sauti kubwa vyovyote itakavyokuwa.

Mdogo wako, anayekuandikia kwa jicho moja zuri,
Alois

* * *

Phoenix
16 Septemba 1986

Mdogo wangu Alois,

Marahaba, marahaba. Barua yako niliisomea karakanani, nimesimama. Nilipofika kwenye neno "naona" nikakaa juu ya ndoo ya rangi, fundi wangu mmoja akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hakuna msiba, nenda ukanywe soda kwa jina langu. Wote wakaenda. Karen alifikiri nimepatwa na joto.

Wiki mbili mawazoni nilikuwa nimeshakuona kipofu, ukishikwa mkono kanisani. Sasa nimeusahau mkono huo. Mwambie wifi namdai kitu ambacho sijakijua bado, na nitamletea.

La mwaka arobaini na sita, asante. Nilikuwa nalijua. Kulijua na kuambiwa si kitu kimoja; jana nililala hadi saa mbili asubuhi.

Nimefanya kazi uliyonipa. Siku tatu, mara mbili mbele na mara moja nyuma. Mipigo saba ya Curtis pale nyumbani ilikuwa makosa ya wageni, na anayefika kwa kosa la mlinzi hahesabiwi kuwa amefika. Amefika kituo cha kwanza mara hamsini na tatu kati ya mia na kumi. Makosa manne kati ya yale matano uliyowaandikia walinzi wetu yalikuwa mipigo safi ya Duane. Amefika mara hamsini na nne kati ya mia na tisa. Karibu sawa, kwa hiyo nikahesabu na vituo walivyovipata kwa mipigo yao, na hapo si karibu tena. Curtis anapiga mpira unaomfikisha cha kwanza. Duane mara kumi na moja ameupeleka nje ya uzio, vituo vyote vinne kwa mpigo mmoja.

Nilitafuta mahali nilipokosea. Nilitafuta kwa bidii, nakuambia, kama mtu anayetafuta pete kwenye sinki. Hakuna.

Nakuja kwa ndege tarehe ishirini na tano. Unipokee wewe, aendeshe Irma. Karatasi iliyo chini ya barua hii ikate kwa mkasi uipeleke karamuni. Isome yote, hata sababu, na Hruby na wenzake wakicheka waache wacheke. Nitakuwa nimekaa meza ya mbele.

Vlasta

- - - - -

Kura ya tisa, ya familia ya Brezina.

Simchagui kwa kuwa timu yake ni mabingwa, wala kwa kuwa Baba angemchagua. Miezi mitatu nimemsema vibaya, kwa hesabu zilizokuwa na kasoro ambayo nilichelewa kuiona. Zimesahihishwa, na zinasema ni yeye. Curtis Pavek ajue kwamba kwa kufika kituo cha kwanza amezidiwa mara moja tu, na kwamba namwomba mwakani asibadilishe kitu.

Duane Ruehl, wa Kessel.

Imepigwa na Vlasta Brezina Tollefson, mwandishi wa mchezo.